mpv inagoma kukompaili? Pitia hapa kabla hujaipiga laptopu makofi

Niseme mapema kabisa, kama uko Debian 13 (moja ya Linux) basi mpv 0.40, ile programu ya kucheza video, ipo tayari kwenye apt, kifaa chake cha kuwekea programu, andika `sudo apt install mpv` alafu nenda kanywe chai yako, huna sababu ya kuteseka. Haya ninayoandika, ya kukompaili, yani kuunda programu mwenyewe toka sosi (kodi yake kama ilivyoandikwa), ni ya wale waliobaki na Debian 12 yenye mpv 0.35.1, au Ubuntu za nyuma, au wanaotaka kitu cha moto kutoka jikoni, au wabishi tu kama mimi.

Meza yangu iko Ngamiani hapa Tanga, natengeneza kompyuta za watu, na wateja wangu wa Linux wengi ni vijana wa chuo pamoja na wenye vibanda umiza ambao mashine zao ni nzee na Windows ilishazishinda. mpv wanaipenda manake ni nyepesi, unaiwasha inacheza, haikuletei mbwembwe. Shida inaanza pale mtu anapoambiwa "we kompaili mwenyewe toka sosi" na aliyemwambia kashapanda daladala kaenda zake. Ndo wanakuja kwangu, na wanakuja na matatizo yale yale, yani nishajua hata kabla mtu hajafungua begi.

Njia ya kawaida ikikubali ni hii tu, git inashusha sosi, Meson anapanga kazi, na ninja anayeitwa na Meson ndo anakompaili:

`git clone --depth 1 https://github.com/mpv-player/mpv.git`
`cd mpv`
`meson setup build`
`meson compile -C build`
`sudo meson install -C build`

Na kitu kimoja ukishike kabla hatujaendelea. Skrini ikijaa erro usisome ya mwisho, panda juu mpaka uifikie ya kwanza. Ni kama mtaani mtu akipiga kelele ya mwizi, ndani ya dakika moja wanapiga kelele watu hamsini, ila aliyeibiwa ni yule wa kwanza tu, waliobaki wamedandia. Watu wananitumia picha ya mstari wa mwisho unaosema `ninja: build stopped` alafu wanauliza "fundi hii ni nini", sasa hapo mi nitajuaje, hiyo ni taarifa ya msiba, haisemi marehemu kafa na nini.

Git clone inafika katikati inakata

Inaandika `early EOF` au `unexpected disconnect`. Sababu ya kwanza ni mtandao, hasa ukitumia bando la simu kwa hotspoti na simu yenyewe umeiweka mfukoni. Weka simu dirishani, rudia na ile `--depth 1` niliyoandika pale juu, inashusha hali ya sasa tu bila historia yote ya miaka. Bado ikikata, shusha tabolo (faili moja lililobanwa lenye sosi) ya toleo lililotoka kwa `wget -c`, hiyo ikikatika inaweza kuendelea pale ilipoishia kama seva inaruhusu.

Ila angalia, ujanja wa tabolo haufanyi kazi kwa libplacebo, laibrari ya kuchora picha ambayo mpv inaitegemea. Ile faili ambayo GitHub inajitengenezea yenyewe haibebi vile vijifolda vya ndani inavyovitegemea, utakompaili utaambiwa glad haipo, jinja2 haipo, utazunguka siku nzima. libplacebo ichukue kwa git na neno `--recursive`, basi.

Git inasema cheti hakifai, au apt inasema faili "not valid yet"

Hii nataka nikae nayo kidogo manake inasumbua watu wengi na karibu kila mmoja anadhani ni mtandao. Andika `date`. Tarehe ikikuambia ni 2012 basi umeshapata jibu, betri ya saa kwenye ubao imekufa, ile ya duara kama sarafu iitwayo CR2032. Kompyuta ikizimwa na kuchomolewa inasahau leo ni lini, na vyeti vyote vya intaneti inaviona vya kesho, inavikataa.

Alikuja dogo mmoja wa Makorora, mashine yake tarehe sawa, mwaka sawa, lakini apt inagoma inasema faili halitakuwa halali mpaka yapite masaa matano na kitu. Nikaangalia saa pembeni ya skrini imeandika 02:15. Nikamuuliza sahivi saa ngapi, akanijibu saa mbili na robo, na kweli ilikuwa saa mbili na robo asubuhi! Kaiseti kompyuta kwa saa ya Kiswahili, yani 02:15 badala ya 08:15, yuko nyuma masaa sita na yeye anaona yuko sawa kabisa. Tulicheka mpaka jirani muuza bajia akaja kuuliza kuna nini.

Dawa ni hii:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Ikirudi nyuma tena kesho yake, badilisha betri. Kwenye kompyuta ya mezani unaitoa kwa ukucha ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Kwenye laptopu nyingi imefichwa chini ya ubao na ina kijiwaya chake, kama hujawahi kufungua laptopu usijifunzie hapo, mpelekee fundi.

Na saa hiyohiyo ndo inaleta ugonjwa mwingine hata ukiwa huna haja ya mtandao, Meson anasema `Clock skew detected`, au ninja anazunguka mwishowe anasema `build.ninja` `still dirty after 100 tries`. Maana yake faili zina tarehe ya mbele kuliko saa ya mashine, hivo kila akiangalia anaona kuna kipya. Rekebisha saa, futa folda ya build, anza upya.

Meson anasema dependency haipo, na we unaona kabisa ipo

Hii ndo mama yao. Inakuja hivi:

`ERROR: Dependency "libass" not found, tried pkgconfig and cmake`

Mtu anaangalia anasema mbona libass (laibrari ya maandishi ya chini ya video) ninayo. Ndio unayo, ile ya kuchezea. Kukompaili kunataka na ile pakeji yenye `-dev` mwishoni, ambayo ndani yake kuna faili za vichwa (headers) na kile kifaili cha `.pc` kinachomwelekeza Meson. Kuwa na laibrari bila dev ni kama kuwa na nyumba hujui njia ya kuifikia. Cheki kwanza kama `pkg-config`, inayosoma hivyo vifaili vya `.pc`, yenyewe ipo, manake bila hiyo kila kitu kitaonekana hakipo na utainstoli pakeji hamsini bure. Alafu weka za msingi kwa mkupuo:

`sudo apt install build-essential git meson ninja-build pkg-config nasm libass-dev libplacebo-dev libavcodec-dev libavformat-dev libavfilter-dev libavutil-dev libswscale-dev libswresample-dev libavdevice-dev`

Njia ya mkato ni `sudo apt build-dep mpv`, inavuta vyote peke yake. Ikikujibu kwamba hakuna deb-src, ingia kwenye mipangilio ya vyanzo vya apt ukaruhusu sosi, kisha `sudo apt update`, rudia.

Ukishaweka usiendelee na folda ileile, mwambie aanze upya kabisa:

`meson setup build --wipe`

Kama bado, fungua `build/meson-logs/meson-log.txt`, humo kaeleza kila alichojaribu na kilichomjibu. Wengi hawaijui hii faili, na majibu yote yamo.

Anasema ipo ila toleo ni la zamani

`need 'libplacebo' ['>=6.338.2'] found '4.208.0'`

Huyu ni Debian 12 huyu, namjua kwa sura. Inakuja na libplacebo 4.208 na FFmpeg 5.1 (laibrari za kufungua video na sauti), wakati mpv kuanzia 0.39 inataka libplacebo 6.338.2 na FFmpeg 6.1 kwenda juu. Hapa hakuna pakeji ya dev itakayokuokoa, toleo ni toleo.

Kuna njia tatu, nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Ya kwanza panda mfumo wenyewe, nenda Debian 13, tatizo limekufa. Ya pili tumia mpv-build, hii ni ya haohao waliotengeneza mpv, inashusha FFmpeg na libass na libplacebo mpya, inazikompaili na kuzishonea ndani ya mpv yenyewe bila kugusa zile za mfumo wako:

`git clone https://github.com/mpv-player/mpv-build.git`
`cd mpv-build`
`./rebuild -j2`

Andaa muda lakini. FFmpeg ni mzigo, kwenye Core 2 Duo moja ya kibanda nilianza baada ya adhuhuri nikaja kumaliza magharibi inaadhini. Ikisimama mwanzoni ikakwambia nasm haipo au ni ya zamani, iweke, na usikubali ule ushauri wake wa `--disable-x86asm`, wenyewe wameandika kwamba utapata kitu kilema na ni kweli, video itakuwa inakatakata na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

Njia ya tatu ni kukompaili FFmpeg na libplacebo kivyake ukaziweka `/usr/local`. Inawezekana, mi nimefanya, na nimejuta. Ukienda huko basi usithubutu kuziweka `/usr` juu ya zile za apt, wala usishushe pakeji ya libc6 ya toleo jingine toka mtandaoni ukailazimisha kuingia. Hapo hata `ls` inaweza ikakataa, mashine haiwaki, na kazi inakuwa kuokoa data, mpv ulishaisahau.

Meson mwenyewe naye anaweza kuwa mzee, atakwambia ana toleo gani na linatakiwa lipi. Weka pipx alafu `pipx install meson`, kisha `pipx ensurepath`, fungua terminali mpya, umemaliza.

Katikati ya kazi inaandika Killed

`fatal error: Killed signal terminated program cc1`

Sio kodi mbovu. Ramu imeisha na kerneli (moyo wa Linux) ikaamua kuua programu. Hakikisha na `sudo dmesg | tail`, ukiona Out of memory ndo huyo. Sababu inayoongoza ni brauza uliyoiacha wazi na tabo kumi na nne, funga. Ya pili ni ninja mwenyewe, asipoambiwa anarusha kazi nyingi kuliko idadi ya kori za prosesa, kwenye mashine ya gigabaiti 2 hiyo ni vurugu. Mpunguze:

`meson compile -C build -j 1`

Bado? Ongeza swopu, yani nafasi ya diski ya kusaidia ramu:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Itakuwa polepole kama baiskeli yenye pancha ila itafika.

Na kama folda yako iko kwenye flashi, ndo maana unapata `Operation not permitted` au `Permission denied` zisizoeleweka. FAT32 haina viungo vya faili vile vya Linux na haitunzi ruhusa, hamishia kazi nyumbani kwako kwenye diski ya Linux.

Mashine inazimika ghafla ikiwa inakompaili

Hapa nataka usome taratibu. Kukompaili kunaifanyisha prosesa kazi kwa asilimia mia muda mrefu, kuliko kitu chochote ambacho hiyo mashine imewahi kufanya tangu uinunue. Udhaifu wote uliojificha unatoka siku hiyo.

Mara nyingi ni joto. Feni imejaa vumbi, na huku kwetu karibu na bahari unyevu unashika lile vumbi linakuwa kama sufi iliyolowa. Kaskazi likipiga ndo kabisa, chumba chenyewe tu ni jiko. Weka `lm-sensors`, fungua terminali ya pembeni uandike `watch sensors`, anza kukompaili kwa `-j 1` huku unaangalia. Ikipanda inaelekea tisini na kitu, isimamishe kwa Ctrl+C, haipotezi kitu, ninja ataendelea pale alipoishia. Inua laptopu isikae kwenye godoro wala kitambaa, kompaili usiku. Wengine wanaweka feni ya mezani pembeni, inasaidia kidogo.

Ila kuna mambo ukiyaona unaacha hapohapo na unaita fundi, sio kesho:

Betri ya laptopu imevimba, unaona padi ya kugusa imenyanyuka au kava la chini halikai sawa. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe, usiendelee "nimalizie tu hii". Nilimkuta mzee mmoja wa kibanda, laptopu imepanda katikati kama andazi, na akanambia "mwanangu mbona inachapa kazi vizuri tu". Inachapa ndio. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto, na kibanda kile ni cha mbao na mabati na ndani mna watoto wa watu.

Harufu ya kuungua, au pawasaplai ya mezani inalia na kutoa cheche. Chomoa ukutani. Usiifungue pawasaplai hata ikiwa imechomolewa, umeme unabaki ndani.

Diski inagonga tak tak, au `dmesg` imejaa `I/O error`. Hapo kukompaili unamalizia kuiua. Hamisha kwanza picha na faili zako, na kama huwezi hata kuzifungua basi usijaribu programu za kurekebisha, mpelekee anayejua kuokoa data.

Imemaliza vizuri lakini inafunguka ileile ya zamani

Andika `which -a mpv`. Utaziona mbili, ya `/usr/bin` ni ya apt na ya `/usr/local/bin` ni yako. Andika `hash -r` au fungua terminali mpya. Mara nyingi imeisha hapo.

Ikisema `error while loading shared libraries: libplacebo.so.338` basi laibrari ipo ila mfumo haujui ilipo, piga `sudo ldconfig`. Ikikataa tena angalia kama `/usr/local/lib` imeandikwa ndani ya `/etc/ld.so.conf.d`.

Inafunguka, ila sauti bila picha, au picha bila sauti, au vitufe vya chini havitokei

Watu wanakasirika sana hapa manake Meson hakulalamika hata kidogo. Sasa yeye ana tabia hii: kitu ambacho sio cha lazima asipokikuta anakiruka kimyakimya, anakompaili bila hicho. Unapata mpv nzima, imekosa macho.

Picha kwanza. `mpv --vo=help` inakuonyesha njia za picha ilizonazo. X11 na Wayland ni mifumo miwili ya kuonyesha picha kwenye skrini ya Linux. Kwenye X11 ungehitaji `libx11-dev libxext-dev libxss-dev libxpresent-dev libxrandr-dev` pamoja na `libegl-dev` na `libgl-dev`, kwenye Wayland ni `libwayland-dev wayland-protocols libxkbcommon-dev`. Sauti ni `mpv --ao=help`, na pakeji ni `libpulse-dev`, `libpipewire-0.3-dev`, `libasound2-dev`. Ukitaka Meson asikufiche tena mwambie ni lazima, mfano `-Dx11=enabled`, hapo akikosa atapiga kelele mwanzoni badala ya kukuaibisha mwisho.

Vitufe vya chini kutotokea, yani ile baa ya kusimamisha na kusogeza, ni Lua, lugha ya skripti ambayo mpv inaitumia, haikuingia. Na hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe ulinila jioni nzima: niliweka `liblua5.4-dev` nikidhani namba kubwa ndo bora, mpv haiitaki. Inataka 5.1, 5.2 au LuaJIT. Weka `libluajit-5.1-dev`, wipe, kompaili upya. Utajua imekubali maana viungo vya YouTube navyo vinaanza kucheza ghafla, kwa sababu kile kinachoiita yt-dlp (programu ya kuchukua video za mtandaoni) ni skripti ya Lua hiyohiyo. Kama baa ipo na viungo bado vinagoma, basi yt-dlp yenyewe ndo haipo au ya apt imezeeka, tafuta mpya.

Picha ikikatakata kwenye mashine nzee jaribu `mpv --profile=fast --hwdec=auto`. Kama hwdec (kufungua video kwa msaada wa kadi ya picha) haibadilishi chochote, huenda `libva-dev` haikuwepo ulipokompaili.

apt anauliza kama aondoe vitu vingi

Ukiwa unaongeza pakeji za dev anakuja na orodha ndefu ya kuondoa, na ndani kuna jina la desktopu yako yote. Watu vidole vyao vishazoea kubonyeza Y. Bonyeza n. Kwanza cheki kama uliwahi kuchanganya vyanzo vya matoleo mawili kwenye apt, karibu kila mara ni hicho, vitoe, `sudo apt update`, jaribu tena. Ikizidi kung'ang'ania usilazimishe, tafuta mtu akae na wewe mbele ya mashine.

Nimechoka, nataka kuitoa

Rudi kwenye folda ya mpv, andika `sudo ninja -C build uninstall`, alafu ile ya apt itafunguka kama zamani. Hii inafanya kazi kama folda ya build bado ipo, manake humo ndo kumeandikwa nini kiliwekwa wapi. Yule dogo wa Makorora alishaifuta ili apate nafasi ya muvi, tukakaa tunaitafuta faili moja moja kwa mkono.